Randa za Wrentham

Hakuna treni inayofika Wrentham. Ukitoka Boston kwa reli unashukia Franklin au Norfolk, miji jirani, kisha unatafuta gari. Na dereva akisikia jina la mji atakuuliza unakwenda kununua nini, maana siku hizi Wrentham inajulikana zaidi kwa maduka makubwa ya nguo na viatu yaliyojengwa karibu na barabara kuu. Mimi nilikwenda kwa ajili ya fundi aliyefariki mwaka 1784, na kwa ajili ya randa za mti alizotengeneza, ambazo hadi leo zinazunguka mikononi mwa watu katika jimbo la Massachusetts na kwingineko Marekani.

Fundi huyo anaitwa Cesar Chelor. Alikuwa mtumwa wa Francis Nicholson, shemasi wa kanisa la mji na mtengenezaji wa randa. Nicholson, aliyezaliwa mwaka 1683, ndiye mtengeneza randa wa kale zaidi katika makoloni ya Waingereza huko Amerika ambaye kazi zake zinatambulika kwa jina. Chelor aliipata kazi katika karakana yake. Nicholson alipofariki mwaka 1753, wosia wake ulimpa Chelor uhuru, ekari 10 za ardhi, benchi la kazi, zana na mbao. Tangu hapo Chelor akagonga alama yake mwenyewe kwenye kichwa cha kila randa aliyoimaliza, mistari mitatu: CE·CHELOR, kisha LIVING·IN, kisha WRENTHAM. Cesar Chelor, mkazi wa Wrentham.

Sheria ya Massachusetts iliukubali utumwa tangu mwaka 1641, na nguvu yake ilikuja kuvunjwa na mahakama kati ya 1781 na 1783, Chelor akiwa ukingoni mwa maisha yake. Kwa hiyo miaka yote ile aliyokuwa akigonga jina lake kwenye mti, watu wa rangi yake walikuwa wakiandikwa katika hesabu za mali za wengine, pamoja na ng'ombe na vyombo vya nyumba. Yeye aliandika jina, tena akaandika na makazi. Anahesabiwa kuwa mtengeneza zana wa mwanzo mwenye asili ya Afrika anayejulikana kwa jina nchini Marekani, na anajulikana kwa sababu aliweka saini kwenye kazi zake.

Ndiyo maana swali nililosafiri nalo lilinikaa moyoni. Randa ni chombo cha kutumika. Inanolewa, inasuguliwa, inapasuka, inaunganishwa, inauzwa, inarithiwa. Ukiishika leo randa yenye jina la Chelor, ni kiasi gani cha ulichoshika kilichotoka mikononi mwake? Baba yangu alikuwa seremala Tanga, na katika karakana yake nilijifunza mapema kwamba randa nzuri huwa na wazazi wengi: mwili wa fundi mmoja, kabari ya mwingine, chuma kilichotolewa kwenye randa iliyokufa. Pale kwetu hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu tulichotaka ni mbao inyooke. Lakini mtu kama Chelor hana barua alizoacha wala picha. Randa ndizo maandishi yake. Asiyeweza kutenganisha mkono wake na mikono ya waliokuja baadaye atamsifu kwa msumari uliopigwa miaka 100 baada ya kifo chake, au atamlaumu kwa kiraka kibaya cha mkulima fulani, au atatupa jalalani kipande cha kazi yake halisi akidhani ni takataka.

Wrentham yenyewe sikukaa sana. Ina uwanja wa majani katikati, miti mikubwa, kanisa jeupe lenye mnara mrefu, na makaburi ya kale yenye mawe membamba yaliyoinama. Helen Keller aliishi katika mji huu kati ya 1904 na 1917, na wenyeji hulitaja jina lake haraka. La Chelor inabidi ulitaje wewe. Nilizunguka uwanja ule asubuhi ya baridi ya mwezi Mei, nikaona njia zote zinazoondoka mjini zinapita kwenye misitu, na misitu hiyo ina betula ya manjano, mti mgumu wenye nyuzi zilizobanana, ambao mafundi wa New England wa karne ya 18 waliupenda kwa kutengenezea randa. Katika Uingereza randa zilitengenezwa kwa mti wa biichi, na baadaye hata mafundi wa Marekani walihamia kwenye biichi. Hiyo ni dalili ya kwanza ya kushika mkononi. Randa ya betula ya manjano iliyokolea rangi ya asali iliyoungua inakuelekeza New England, na inakuelekeza nyuma ya mwaka 1800.

Kutoka Wrentham nilikwenda soko la vitu vya kale la Brimfield, lililo mwendo wa saa moja na zaidi kuelekea magharibi. Hufanyika mara tatu kwa mwaka, Mei, Julai na Septemba, tangu mwaka 1959, na linachukua pande zote mbili za barabara: mashamba mazima yenye mahema na meza, wauzaji kwa mamia, na kila kitu ambacho nyumba za Marekani zimewahi kukitoa darini. Randa za mti hapo zimelundikwa kwenye makreti ya matunda. Nyingi ni za karne ya 19, za viwandani, zilizotengenezwa kwa maelfu kabla randa za chuma hazijazifukuza sokoni. Kampuni ya Stanley iliinunua biashara ya Leonard Bailey mwaka 1869, na kuanzia hapo randa ya chuma yenye skrubu ya kurekebishia ikawa ndiyo ya seremala wa kisasa. Za mti zikaanza kutumika kama kuni, vizuizi vya milango, na baadaye mapambo ya ukutani.

Nilipiga magoti mbele ya makreti hayo kwa muda mrefu, na ninamshauri yeyote anayetaka kujifunza afanye hivyo hivyo, kwa sababu jicho linafundishwa na wingi. Anza na urefu. Randa za nakshi, zile nyembamba za kuchora kingo za milango na fremu, katika sehemu kubwa ya karne ya 18 hazikuwa na kipimo kimoja. Za New England nyingi hukaribia inchi 10. Kuelekea mwisho wa karne hiyo kipimo cha inchi 9½ kikawa desturi, kwanza Uingereza na kisha Marekani, na hakikubadilika tena. Nusu inchi ni kitu kidogo, lakini ukiwa na randa 30 zimesimama kwenye kreti, ile ya zamani inajitokeza juu ya wenzake hata kabla hujaitoa.

Kisha kingo za juu. Fundi wa zamani alizikata mshazari kwa upana, bapa kabisa, na mahali mshazari unapoishia akaufunga kwa pigo la bobari, pigo safi lenye kuacha kijishimo kilichopinda. Wa baadaye waliufanya mshazari mwembamba, halafu wakauviringa tu. Mshazari mpana ulikuwa kwa ajili ya kiganja cha mtu atakayesukuma randa hiyo kutwa nzima. Viwanda vilipoanza kuhesabu dakika, mshazari ulikuwa wa kwanza kupunguzwa.

Hapo ndipo unapoanza pia kuona uharibifu na matengenezo. Mshazari uliofungwa vizuri mbele lakini nyuma umekatika ghafla bila kituo una maana moja tu: mtu ameikata randa kisigino. Labda kilipasuka kwa kugongwa nyundo, maana kwa kawaida chuma hulegezwa kwa kugonga nyuma, labda ilikuwa ndefu kuliko sanduku la zana la mnunuzi. Tazama na rangi ya mkato. Ncha ya mti hunywa mafuta, jasho na vumbi kuliko ubavu, hivyo kwenye randa ya kale ncha zote mbili ni nyeusi. Ncha moja ikiwa na rangi hafifu, imekatwa baadaye. Ikiwa imekatwa miaka 150 iliyopita itakuwa imeshaanza kuwa nyeusi, na hapo msaada unabaki kwenye ule mshazari uliokosa kituo.

Muuzaji mmoja alinionyesha randa iliyojaa vijitundu vya fukusi na kuniambia, kwa fahari, kwamba hiyo ndiyo alama ya ukale. Vijitundu vya duara vinaonyesha tu kwamba fukusi alitoka. Lakini kwenye uso wa chini wa randa ile kulikuwa na mifereji, njia za fukusi zilizolala wazi kama mito iliyokaushwa. Fukusi hatembei juu ya mti, anatembea ndani. Njia yake ikionekana kwa urefu, basi kuna mbao iliyoondolewa baada ya fukusi kupita: mtu aliipiga randa ile uso upya, au aligeuza umbo lake lote. Nilimwonyesha. Alikubali, akanishukuru, na kuirudisha mezani.

Kubadilisha umbo kulikuwa jambo la kawaida. Seremala aliyenunua randa ya nakshi iliyopitwa na mtindo aliweza kuichonga upya iwe ya shimo au ya mgongo, akanoa chuma kulingana na umbo jipya, akaendelea na kazi. Dalili iko ubavuni. Randa ya nakshi hutoa maranda kupitia tundu la pembeni, na fundi wa kwanza alilichonga tundu hilo kwa mviringo unaolingana na umbo la chini. Umbo likibadilishwa, tundu linabaki la zamani, na vitu viwili hivyo havizungumzi tena.

Kutoka Brimfield mtu aliyekuwa mwenyeji wangu safarini alinipeleka kwa mzee mmoja anayekarabati zana za kale katika ghala la shamba lake. Aliwahi kuwa fundi wa fanicha. Sasa miguu haimruhusu kusimama kutwa, basi anakaa kwenye kiti kirefu karibu na dirisha na watu humletea randa awaambie ni nini. Hakutaka kuniambia chochote mwanzoni. Aliniwekea randa ndefu ya kunyooshea mbao, akanipa taa ndogo, akanyamaza. Nami nimefundishwa na baba yangu kwamba ukipewa kitu na fundi mzee, unakitazama kabla ya kufungua kinywa.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kiraka kwenye uso wa chini, mbele ya mdomo, kipande cha mraba cha mti mgumu kilichozamishwa na kubandikwa kwa gundi. Kiraka hiki kipo kwenye randa za mti za nchi zote, na sababu yake ni ya kijiometri. Chuma kinalala mshazari juu ya kitanda chake, na upenyo wa ndani unazidi kupanuka kadiri unavyopanda. Randa ikitumika sana uso wake wa chini unalika, seremala anaupiga ili unyooke, na kila mara anapoupiga anapanda kuelekea sehemu pana. Mdomo unafunguka. Mdomo uliofunguka hauwezi tena kubana mbao mbele ya chuma, na kazi inatoka na manyoya. Suluhisho ni kuziba kwa kipande kipya. Kwa hiyo kiraka cha mdomo kinaniambia kwamba randa ilifanya kazi miaka mingi, na kwamba mtu aliyeiziba aliithamini kuliko bei ya mpya. Ukipima kimo cha mwili na kukilinganisha na kile cha randa ya fundi huyo huyo isiyochakaa, unapata hesabu ya mbao iliyosuguliwa na kazi.

Nilipoondoa kabari na chuma, mzee akatabasamu, nikajua hapo ndipo alipotaka nifike. Katikati ya kitanda kulikuwa na mfereji uliochimbwa kwa patasi, nao ulikuwa mweupe kuliko kitanda kilichouzunguka. Randa za zamani zilikuwa na chuma kimoja. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 kikaja chuma cha pili cha kuweka juu ya cha kwanza, cha kuvunja maranda yasipasue mbao. Samuel Caruthers wa Philadelphia alikuwa akitangaza randa za vyuma viwili tangu mwaka 1767. Vyuma hivyo viwili hufungwa pamoja kwa skrubu, na kichwa cha skrubu hiyo kinahitaji nafasi. Mfereji ule ulichimbwa ili kumpa nafasi mgeni. Randa ilizaliwa na chuma kimoja, ikaongezewa cha pili na mtu aliyesikia habari za mtindo mpya. Mchimbaji hakuwa na mkono mzuri, mfereji unayumba. Aliyekichonga kitanda alikuwa fundi, na tofauti kati ya mikono hiyo miwili inaonekana hata kwa mtoto.

Mpini nao una hadithi yake. Katika randa nyingi za zamani za New England mpini haukukaa katikati. Ulisogezwa upande wa kulia. Ukiona mpini uliokaa katikati kwenye mwili wa kizamani, tafuta tundu la zamani lililozibwa pembeni yake. Na ukiona mpini umefungwa kwa skrubu, itoe skrubu uitazame ncha. Skrubu zenye ncha kali, zinazojitafutia njia kwenye mti, zilianza kutengenezwa kwa mashine katika miaka ya 1840. Kabla ya hapo ncha ilikuwa butu na ilibidi utoboe kwa keekee kwanza. Misumari husaidia zaidi. Wa mhunzi una pande nne zilizofuliwa na kichwa chenye mapigo ya nyundo. Uliokatwa kwa mashine ulianza kuenea katika miaka ya 1790, una pande mbili zilizochongoka na mbili zilizo sambamba. Wa waya, wa duara, ule tunaoununua kwa kilo, uliteka soko la Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Msumari hauwezi kuwa mkubwa kwa umri kuliko mashine iliyoutengeneza, na hivyo tarehe ya kiraka haiwezi kutangulia tarehe ya msumari wake. Kinyume chake si kweli, na mzee alinisisitizia hilo: msumari wa kale unaweza kupigwa jana na mtu mwenye debe la misumari ya kale.

Vyuma ndivyo vinavyowachanganya watu zaidi. Randa nzuri ya Massachusetts inaweza kuwa na chuma kilichogongwa jina la mfuaji wa Sheffield, Uingereza, na bado kila kitu kikawa cha asili, kwa sababu makoloni yalinunua vyuma vingi kutoka huko. Tazama umbo. Chuma cha zamani kimefuliwa na mhunzi: mwili wa chuma laini, na kwenye ncha kumeungwa kwa moto kipande cha chuma cha pua, mstari wa muungano ukionekana kama kivuli ukikisugua na kinoo. Unene wake hupungua kuelekea mkiani. Ukikuta maneno CAST STEEL yamegongwa, kumbuka kwamba namna ile ya kuyeyusha chuma cha pua ilibuniwa na Benjamin Huntsman wa Sheffield katika miaka ya 1740, na kwamba alama yenyewe ilienea kwenye vyuma vya randa baadaye sana. Kwenye randa ya mwaka 1750 chuma hicho ni mgeni. Siwalaumu waliokibadilisha. Chuma hunolewa hadi kinaisha, na randa isiyo na chuma ni kipande cha mti.

Kabari ndiyo kiungo ninachokipenda, labda kwa sababu ni kidogo na watu hukipuuza. Kila karakana ilikuwa na umbo lake la kichwa cha kabari, duara au yai, na shingo iliyochongwa chini yake ili nyundo ipate mahali pa kuigonga kwa kuitoa. Ukiona randa kadhaa za fundi mmoja unaitambua kabari yake kama mwandiko. Kabari iliyobadilishwa hujitoa yenyewe: rangi haikubaliani na mwili, kichwa hakina shingo au kina shingo ya mtindo mwingine, na chini yake haikai sawasawa na mdomo, inaacha mwanya ambapo maranda hujikunja na kuziba. Lakini usihukumu kwa wembamba peke yake. Mti husinyaa kwa upana wake mwaka baada ya mwaka, chuma hakisinyai, na mashavu ya randa huja kubana kabari. Mwenye busara alipunguza kabari yake ubavuni. Asiye na busara aliigonga kwa nguvu hadi shavu likapasuka, ndiyo maana mipasuko mingi ya mashavu iko pale pale, kwenye kona ya tundu la kabari.

Baada ya yote hayo ndipo mzee akaniletea alichokuwa amekificha. Aliifungua kutoka kwenye kitambaa na kuiweka chini ya dirisha: randa ya nakshi, betula ya manjano, karibu inchi 10, mshazari mpana. Kwenye kichwa, jina.

Sikuigusa kwa muda. Nimesoma mengi kuhusu alama za kughushi, maana jina hili linaongeza thamani, na mhuri wa bandia si kazi ngumu kuutengeneza. Mzee alinipa kioo cha kukuzia na kuniambia nitazame nyuzi. Mhuri uliogongwa kwenye mti mpya huzikandamiza nyuzi bila kuzikata, na uchafu wa karne mbili hukaa ndani ya herufi na nje yake kwa namna moja. Mhuri uliogongwa kwenye mti mkavu wa kale huzivunja nyuzi, na ndani ya herufi rangi huwa changa. Kuna na hoja ya mpangilio: kwenye kichwa cha randa ile kulikuwa na michubuko mingi, na mmoja wao ulipita juu ya herufi ya R na kuibonyeza. Mchubuko ulikuja baada ya jina. Kama jina lingekuwa limelala juu ya mchubuko, tungekuwa na habari nyingine.

Chini ya jina la Chelor, na kwenye kisigino, kulikuwa na mihuri ya watu wengine watatu, herufi za majina tu, kubwa na ndogo. Hawa ni wamiliki. Seremala aliyefanya kazi pamoja na wenzake aligonga alama ili zana yake isipotee, na alifanya hivyo popote, mara mbili, mara nne, hata kichwa chini. Mtengenezaji hugonga mahali pamoja, katikati, kwa mhuri uliochongwa vizuri. Mmoja wa wamiliki hao alitumia I mahali ambapo sisi tungetegemea J, kama alivyofanya hata John, mwana wa Nicholson, aliyejiandika I·NICHOLSON. Desturi hiyo ni ya karne ya 18, kwa hiyo yaelekea huyu mmiliki aliishi wakati wa Chelor au muda mfupi baada yake. Labda aliinunua kutoka mkononi mwake.

Tuliisoma pamoja kuanzia juu hadi chini. Mwili ni wa Chelor. Mshazari na vituo vyake ni vya Chelor, vya mbele na vya nyuma, kwa hiyo haijakatwa. Tundu la kutolea maranda linalingana na umbo la chini, kwa hiyo nakshi ni ile aliyoikusudia. Chuma ni cha Sheffield, unene wake ni sawa toka ncha hadi mkia, si cha wakati wake. Kabari ni ya biichi, kichwa chake ni cha kiwandani. Na kwenye ukingo mwembamba wa uso wa chini, pale ambapo mbao hulika haraka kuliko pengine, kumewekwa utepe wa mti mgumu wa manjano uitwao buksi. Mafundi wa Uingereza walikuwa wakiweka utepe wa aina hiyo tangu karne ya 18, tena wakizielekeza nyuzi zake mshazari ili zistahimili msuguano. Huu nyuzi zake zimelala kwa urefu, na umeshikiliwa na vijisumari viwili vya waya. Ni kazi ya mtu wa mwishoni mwa karne ya 19 au baadaye. Lakini ni kazi nzuri! Aliuchonga ukafuata nakshi bila kuruka hata unywele, vijisumari akavizamisha visiguse chuma.

Hapo mzee alitoa bahasha yenye kabari nyingine, ya betula, kichwa cha duara, rangi ile ile ya asali. Ilitoka kwenye randa iliyooza ya mji wa jirani. Aliiingiza, ikakaa kama iliyozaliwa humo. Muuzaji mmoja, alisema, alikuwa tayari kulipa zaidi kama randa ingekuwa na kabari hiyo, na kama ule utepe wa buksi ungetolewa na mahali pake pakajazwa kwa betula ya kale. Alikataa yote mawili, akaichomoa kabari na kuirudisha ndani ya bahasha.

Nakubaliana naye kabisa. Yule mtu wa utepe wa buksi hakumdanganya yeyote. Alikuwa na randa iliyochakaa na kazi ya kumaliza, akaweka alama ya mkono wake mahali panapoonekana, kwa vifaa vya wakati wake. Kabari ya betula iliyowekwa leo ingekuwa ya kale kuliko utepe, ingependeza kuliko ile ya biichi, na ingekuwa uongo, kwa sababu ingemfanya Chelor aonekane ametengeneza kitu ambacho hakukitengeneza. Mtu aliyenyimwa mengi akiwa hai asibebeshwe kazi ya wengine akiwa amekufa, wala asipunguziwe yake. Kitu pekee ambacho ningekubali kiondolewe ni vanishi. Randa hii, kama nyingi zilizowahi kutundikwa ukutani, ilikuwa imepakwa vanishi inayong'aa, na vanishi hiyo ilikuwa imeingia ndani ya herufi za jina. Mzee alikuwa ameshaanza kuilainisha kidogo kidogo kwa pamba iliyochovywa spiriti, akianza mbali na mhuri, akiacha rangi ya uzee chini yake bila kuigusa.

Kila zana inayopita kwake huifungia kadi kwa uzi. Kwenye kadi ya randa hii alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: mwili na alama, Chelor, chuma, Sheffield, baadaye, kabari, ya kiwandani, biichi, utepe wa buksi, fundi asiye na jina, misumari ya waya. Nikamwomba aongeze tarehe ya siku ile na jina lake mwenyewe, ili atakayeisoma kadi baada yetu ajue ni nani aliyesema hivyo na lini, na kama ana sababu za kutukatalia azitaje. Alifikiri kidogo, akaichukua kalamu, akaandika. Kisha akaandika chini yake kwamba vanishi iliondolewa, na kwa kutumia nini.